Aliyepona kansa akitoa damu, ubaya uko wapi? Watu wa maabara njooni hapa

Mwana_wa_Arua
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Naleta hoja, mkinichoma nichomeni pole pole. Mi naona kumzuia mtu aliyepona kansa asitoe damu ni ubaguzi tu uliovishwa koti jeupe. Shemeji yangu aliugua kansa ya titi, akakatwa, akapigwa kemo, zile dawa kali za kuua kansa, miaka imepita, saa hizi anabeba magunia ya simsim kunishinda mimi mwanaume. Gari la damu likaja karibu na kanisa lao, akapanga mstari na wenzake, kufika kwenye maswali akasema ukweli wake, wakamwambia mama asante, nenda nyumbani. Hata kidole hawakumtoboa. Sa nauliza, kansa inaambukizwa kwa damu? Kama inaambukizwa mbona sisi tuliomuuguza na kumwogesha tuko wazima? Na kama haiambukizwi, kwa nini kila likizo tunatangaziwa damu imekwisha huku watu wenye moyo wanarudishwa mlangoni?

Boda_wa_Ntinda
Wa kwanza hapa. Mi nasema damu ya aliyeugua ni ya aliyeugua. Pikipiki ikishagonga hata uinyooshe fremu na kupiga rangi, fundi akiishika tu anajua hii iligonga.

Mwana_wa_Arua
@Boda_wa_Ntinda shemeji yangu si Bajaji yako ya mkopo bana

Labu_Mbale
Niko maabara, niseme kidogo. Kwanza kansa si mdudu. Huipati kwa kuuguza, kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Ni seli za mtu mwenyewe zilizoasi, na zikiingia kwa mwingine mwenye afya, kinga yake inaziona ni za mgeni inaziua. Halafu chembe nyekundu, ambazo ndizo hasa wagonjwa wengi wanazihitaji, hazina hata kiini ndani, haziwezi kugawanyika, sa zitageukaje kansa?

Kuna utafiti wa Sweden na Denmark ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2007. Walifuatilia watu 354,094 waliowahi kuongezewa damu. Kati yao 12,012 walikuwa wamepewa damu ya watu ambao muda si mrefu baadaye wakagundulika wana kansa, yaani inaonekana siku wanatoa ilikuwa imejificha mwilini. Waliopewa damu ile hawakupata kansa kuliko wenzao. Hiyo ni kansa mbichi kabisa, haijatibiwa, na bado haikuruka.

Sa kwa nini wanakataza? Tahadhari. Kwenye kazi yetu ukiwa na shaka unatupa, hakuna bosi aliyewahi kumfokea mtu kwa paketi aliyoitupa.

Boda_wa_Ntinda
Kwa hiyo hakuna shida ila wanakataza. Serikali hiyo.

Afande_Mstaafu
Vijana mnazunguka bure. Sheria ya damu ni moja dunia nzima, ukishaugua kansa hutoi mpaka unaingia kaburini. Mimi nimeanza kutoa damu nikiwa depo, kadi zangu ninazo zote kwenye bahasha, yale maswali nayajua kama namba yangu ya jeshi. Jambo la damu ni amri, si mjadala.

NipoLeeds
Afande heshima yako mzee wangu, ila sheria si moja. Huku Uingereza niliko ndiko wanakokaza kama unavyosema, ukishakuwa na kansa hutoi, isipokuwa ile kansa ya ngozi inayoitwa besosel ikishatolewa ikapona, na yale mabadiliko ya awali ya shingo ya kizazi. Marekani tofauti, Msalaba Mwekundu wao anasema kansa nyingi za uvimbe ukimaliza matibabu subiri mwaka mmoja, haijarudi, karibu utoe. Australia ni miaka 5. Zote hizo tatu zinakubaliana kitu kimoja tu, kwamba kansa za damu kama lukemia na limfoma hapana.

Mwana_wa_Arua
Mmeona sasa! Yaani shemeji anaondoka Entebbe asubuhi damu yake haifai, akitua Amerika kesho yake imekuwa nzuri. Ndege inaisafisha?

Afande_Mstaafu
Amerika ni Amerika. Sisi tuko Uganda.

Hajati_Bombo
Assalamu alaykum. Mimi nitasema yangu maana wanaume mmejaa humu mnaongea vya kusikia. Nilikwenda kupimwa shingo ya kizazi, ile wanakupaka siki wanaangalia kama panageuka peupe. Pakageuka. Wakanigandisha kwa baridi palepale, nikarudi nyumbani nimebebwa na bodaboda, nikapewa tarehe za kurudi kuangaliwa, nikarudi zote, ikatoka safi. Baadaye binti yangu alijifungua kwa taabu akahitaji damu, na mimi baada ya hapo nikasema deni la damu nitalirudisha, nikaenda kutoa. Musawo, daktari wa pale, akaniuliza, nikamweleza yote, akaita mkubwa wake, mkubwa akaniangalia akasema hajati panda kitandani. Kwa hiyo si kila aliyeguswa na hili jina anarudishwa. Majirani zangu ndio walikuwa wameshanizika, ukitaja kizazi na kansa kwenye sentensi moja wanawake wanaanza kupanga nani atapika msibani.

Labu_Mbale
Hajati pole na hongera. Ila hiyo yako haikuwa kansa bado, ni ile hatua ya kabla, imekamatwa mlangoni. Ndiyo maana hata Waingereza wenye roho ngumu wanairuhusu. Na kirusi chake HPV kinakaa kwenye ngozi na utando, hakitembei kwenye damu kama homa ya ini B. Kwa hiyo kesi yako haimsaidii shemeji wa Arua.

Hajati_Bombo
Sikusema inamsaidia. Nimesema msimzike mtu.

Sista_wa_Wodi
Nimesoma wote kimya kimya. Mnajadili anayepokea tu, hakuna hata mmoja aliyemfikiria anayetoa. Mimi nimefanya wodi ya kansa. Kuna dawa ya kemo wagonjwa wanaiita ile nyekundu, doksorubisini, wengi wa kansa ya titi wanapewa. Ni dawa nzuri lakini inaweza kuuchosha moyo, na uchovu huo kwa wengine unaonekana miaka baadaye. Sa mtu kama huyo unamtoa mililita 450 kwa robo saa, kama moyo wake hauko sawa anaanguka pale pale kwenye turubai. Bado damu yenyewe, uboho wa mtu aliyepigwa kemo, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaweza kuwa haujarudi vizuri, hemoglobini yake, ile ya kubeba hewa kwenye damu, inaelea tu. Kwa hiyo wakati mwingine kumrudisha si kwamba damu yake ni chafu. Ni yeye ndiye anayelindwa. Shida yetu wauguzi ni kwamba hatuelezi, tunasema nenda nyumbani basi, mtu anaondoka amejiona najisi.

Mwana_wa_Arua
Sista hapo umenigusa, maana hilo ndilo lilimuuma. Hakulia kwa kukataliwa, alilia kwa vile alivyokataliwa mbele ya akina mama wa kwaya.
Ila bado, wangempima basi. Hemoglobini si tone moja tu la damu?

Sista_wa_Wodi
Hemoglobini ni tone moja. Moyo si tone moja, moyo ni mashine na foleni na hela. Kwenye gari la damu hakuna.

Taya_Moja
Salaam. Mimi jina langu humu watu wanafikiri ni utani wa ngumi. Nilipata Burkitt nikiwa mtoto, uvimbe wa taya, nikatibiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Wazee wangu waliuza ng'ombe wa kutosha. Kwa wasiojua, huo ugonjwa ulielezwa kitaalamu na Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji hapo hapo Mulago, na kituo cha kansa kilianza 1967 kwa ajili yetu watoto wa mataya. Kwa hiyo mkisema kansa ya Uganda mnanitaja mimi kwa jina.

Nilipewa damu nyingi na plateleti nyingi, zile chembe za kugandisha damu. Nilipofika sekondari gari la damu likaja, darasa zima tukajipanga, wengine kwa ajili ya soda na biskuti. Mimi nilitaka kulipa. Nikakataliwa, wakaniambia limfoma ni kansa ya damu, hutatoa maisha yako yote. Nilikasirika mwaka mzima. Nilijiuliza hivi, nimekaa miaka yote hii bila ugonjwa, seli mbaya zimejificha wapi?

Labu_Mbale
@Taya_Moja heshima kwako kaka. Jibu la vitabuni ni kwamba kansa za damu zinaanzia kwenye mfumo wenyewe unaotengeneza damu na kinga, kwa hiyo hapo hawataki kubahatisha hata kidogo. Titi au utumbo ni uvimbe ulikuwa mahali, ukakatwa. Damu iko kila mahali.

NipoLeeds
Lakini si ulisema mwenyewe huko juu kwamba kinga ya anayepokea inaua seli za mgeni? Zikiwa za titi zinauawa zikiwa za limfoma zinapona?

Labu_Mbale
Nilisema mwenye afya. Wanaoongezewa damu ni nani? Mtoto njiti, mgonjwa wa kemo, mwenye ukimwi ambaye CD4, zile seli za kinga, zimeshuka. Kinga yao imelala. Ukitaka kujua kinga ikilala inakuwaje tazama waliopandikizwa figo, hao wanakunywa dawa za kuituliza kinga, na imewahi kutokea figo ikaja na kansa ya aliyeitoa.

NipoLeeds
Figo ni nyama nzima inakaa mwilini miaka. Damu inachujwa, inakaa kwenye friji. Si sawa.

Labu_Mbale
Inachujwa huko kwenu Leeds. Ule mchujo wa kuondoa chembe nyeupe ni gharama, usidhani kila paketi Afrika inapita hapo.

Mwalimu_Iganga
Nyie wawili mtaumizana. Niulize mimi, Taya_Moja anazungumzia Burkitt, si husemwa inaletwa na kirusi? Labda wanaogopa hicho kirusi.

Labu_Mbale
Mwalimu, hicho ni Epstein-Barr, kilionekana mara ya kwanza 1964 kwenye vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka hapa Uganda kwenda London. Lakini karibu kila mtu mzima humu anacho, na wewe unacho. Tukikataa kwa sababu hiyo tufunge benki ya damu Nakasero tupangishe maduka. Cha kuogopa zaidi hapa kwetu kingekuwa HHV-8, kile kirusi kinacholeta kansa ya Kaposi, kiligunduliwa 1994. Hicho kweli kinapita kwenye damu. Walichunguza wagonjwa walioongezewa damu hapa Kampala, ikatoka 2006, waliopewa damu yenye kirusi walikipata kama watu 2.8 zaidi kwa kila mia kuliko wenzao, na damu mpya ndiyo ilikuwa mbaya kuliko iliyokaa siku kadhaa kwenye friji. Na hakimo kwenye vipimo vinne vya kila paketi, ambavyo ni HIV, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende.

Boda_wa_Ntinda
HAPO SASA. Mi nilisema pikipiki iliyogonga mkanicheka

Labu_Mbale
Hujaelewa. Huyo mwenye HHV-8 si aliyepona kansa, ni mtu yeyote tu anayetembea mtaani, hajawahi kuumwa chochote. Yaani pengine ni wewe.

Boda_wa_Ntinda
😳

MtuWaMwanza
Jamani nimepita tu, huku kwetu uzi kama huu ungeshafungwa ukurasa wa kwanza. Na Afande naona kanyamaza, au katumwa mpakani?

Afande_Mstaafu
Nipo. Nasoma. Na wewe wa Mwanza nenda ukale sato.

Mti_Dawa
Habari zenu. Mwambieni huyo shemeji anywe majani ya mstafeli yaliyochemshwa asubuhi na jioni, damu inasafishika kabisa halafu hata hao madaktari hawataona kitu. Mwenye kuhitaji anifuate inboksi.

Sista_wa_Wodi
Mti_Dawa toka. Nimepokea watu wodini waliokunywa hayo majani wakaacha kemo, wamekuja ini limekwisha. Modi yuko wapi?

Kisenyi_Boy
Mi nashangaa mnavyohangaika. Dawa yake ndogo, asiseme. Akifika kwenye fomu aruke hilo swali, apige tiki hapana, atoe, anywe soda, aende. Mjomba wangu alikatwa tezi dume yenye kansa na hakusema, katoa mara kadhaa hakuna aliyekufa.

Sista_wa_Wodi
Umejuaje hakuna aliyekufa? Paketi ya mjomba wako unajua ilikwenda kwa nani? Ile fomu ni kipimo cha kwanza kabla ya vile vinne, na ndicho pekee kinachotegemea mdomo wa mtu.

Kisenyi_Boy
Lakini Labu kasema haiambukizi sista, mnachanganya watu

Hajati_Bombo
Mwanangu Kisenyi, na akizimia mjomba kwa sababu hawakujua wamwangalie nini? Mimi nilisema kila kitu, nikapandishwa kitandani. Ningeficha ningekaa na dhambi na hofu vyote viwili.

Mwalimu_Iganga
Mimi namrudia mleta mada kwenye ile ya damu kuisha likizo. Hiyo haitibiki kwa waliopona kansa hata wote wakiruhusiwa. Damu inaisha likizo kwa sababu wachangiaji wakubwa nchi hii ni wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa mstari unafungwa, na paketi haikai milele, chembe nyekundu ni siku 35 hivi, plateleti siku 5 tu. Watoto wetu wa miaka 17 ndio wanaobeba nchi. Hapa shuleni wanajitokeza wengi, walimu tunajificha stafurumu. Kwa hiyo badala ya kumgombania shemeji, kwanza tujiulize waume wa hao akina mama wa kwaya siku ile walikuwa wapi.

Mwana_wa_Arua
Mwalimu hiyo ni mada nyingine bana usinitoe relini. Waume walikuwa wanaangalia mpira.

MtuWaMwanza
Arsenal? Basi hao tayari wametoa damu ya kutosha msimu huu.

Boda_wa_Ntinda
Usituingilie na timu yetu ndugu

NipoLeeds
Kuna sababu moja hamjaitaja. Wagonjwa wengi wa kansa nao wameongezewa damu wakati wa matibabu, kama Taya_Moja. Huku ukishaongezewa damu tangu 1980 hutoi, hata kama hujawahi kuwa na kansa, ni kwa ajili ya ule ugonjwa wa ubongo wa ng'ombe kichaa. Nchi nyingine wanakwambia subiri muda tu. Kwa hiyo mtu anaweza kukataliwa akadhani ni kansa, kumbe ni ile damu aliyoongezewa.

Taya_Moja
Hiyo ya ng'ombe inahusu Uingereza yenu. Ng'ombe wa kwetu waliuzwa nipate dawa, hawakuwa na kichaa.

Labu_Mbale
😂😂 Taya umeua. Ila hoja yake ina uzito, aliyeongezewa damu amebeba hatari ya mtu mwingine ambayo vipimo vingeweza kuikosa.

Sista_wa_Wodi
Mwana_wa_Arua nikuulize kitu. Shemeji alimaliza matibabu yote? Hatumii kidonge chochote sasa?

Mwana_wa_Arua
Kemo alimaliza zamani. Kuna kile kidonge kimoja cha kila siku tu, tamoksifeni, anasema atakinywa mpaka miaka ifike.

Sista_wa_Wodi
Ee Mungu wangu. Na umetuzungusha kurasa zote hizi!

Hajati_Bombo
Wanaume.

Boda_wa_Ntinda
Kwani kidonge kimoja kina nini?

Sista_wa_Wodi
Tamoksifeni ni tiba ya homoni, inanywewa miaka 5, wengine mpaka 10. Kwangu mimi huyo bado yuko kwenye matibabu, hiyo saa ya kuhesabu mwaka mmoja au mitano haijaanza hata kugonga. Na paketi ya damu inaweza kwenda kwa mama mjamzito, dawa hiyo na mimba haviendi pamoja.

Labu_Mbale
Hapo sista sikubaliani sana. Tiba iliyomaliza ugonjwa ni upasuaji na kemo, kidonge ni kinga isirudi. Kuna wanaohesabu kuanzia kemo ya mwisho. Na dozi itakayobaki kwenye paketi moja ni ndogo mno.

Sista_wa_Wodi
Ndogo mno kwa nani, kwa mimba ya wiki sita?

Labu_Mbale
Nimesema kuna wanaohesabu hivyo, sijasema mimi nampandisha kitandani.

NipoLeeds
Halafu mnajua zamani Marekani kuna daktari alijaribu kweli? Chester Southam, 1956, gereza la Ohio, akawadunga wafungwa seli za kansa hai. Waliokuwa na afya miili ikazitema. Baadaye akawadunga wagonjwa wazee hospitali bila kuwaambia ni nini, ikawa kesi kubwa.

Afande_Mstaafu
Huyo angekuwa chini yangu angelala lokapu.

Taya_Moja
Afande leo tumekubaliana kitu.

Mwalimu_Iganga
Sasa mwenye fibroidi, ule uvimbe wa kizazi, je? Mke wangu alitolewa na anataka kwenda Jumamosi, wanakuja hapa uwanjani.

Sista_wa_Wodi
Fibroidi si kansa mwalimu. Kilichopo ni upasuaji, apone vizuri kwanza, na wenye fibroidi hutokwa damu nyingi, wamwangalie hemoglobini. Ikiwa sawa na alifanyiwa muda mrefu, aende, aseme kwenye fomu. Na wewe uende naye, au utakuwa stafurumu?

Mwalimu_Iganga
Nitakwenda sista.

Boda_wa_Ntinda
Mi nawapeleka wote wawili bure, kurudi ndiyo mtalipa. Ila sitoi mpaka Labu anithibitishie ile HHV sijui ngapi sina

Labu_Mbale
Hatuipimi, nimekwambia.

Boda_wa_Ntinda
Basi soda yangu apewe mwalimu